Mkono Wangu Naujua

Nilianza umakanga wa matatu mwaka wa 2004, njia ya 58, Buruburu hadi mjini Nairobi. Zilikuwa siku za sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi: mikanda, vidhibiti mwendo, abiria 14 tu, na sare ya rangi ya damu ya mzee iliyonipwaya mabegani. Asiyeijua biashara hii aelewe jambo moja. Mwenye gari hutaka hesabu yake ya siku. Kinachobaki, mafuta yakishalipwa, hugawana dereva na makanga. Dereva macho yake yako Jogoo Road. Noti ziko kati ya vidole vya makanga, na ni yeye tu anayejua zimeingia ngapi.

Nilikuwa nikimwibia dereva mwenzangu. Hamsini asubuhi, mia jioni, kila siku. Na huyu ni mzee aliyeninunulia chai na mandazi nilipokuwa skwodi, sina gari. Jioni moja tukigawana pale Mutindwa, alizipokea zake bila kuzihesabu.

"Kijana wangu, akili unayo. Ila mkono wako una njaa, nawe wajua."

Angenifukuza ningejitetea. Hakunifukuza, nikalala na neno lile.

Je, niliacha? Wiki iliyofuata niliiba tena, na wala sikuwa na dhiki yoyote. Hapo ndipo nilipojitambua. Nikamwomba kila safari ikiisha apokee pesa zote, akae nazo yeye. Hakuuliza kwa nini.

Kanuni za 2014 za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, zilipotaka kila sacco ya matatu iwe na magari yasiyopungua 30, yetu ilikusanya wenye magari wapya, ukafanyika uchaguzi, wakanichagua mwenyekiti. Tukapelekwa semina. Mkufunzi akabandika karatasi kubwa ukutani, tuandike maadili yetu. Sote tulianza na "uaminifu"; neno hilo halina gharama ukiwa na kalamu ya bure. Nikalifuta langu, nikaandika: "Mwenyekiti asishike pesa." Wakacheka, wakidhani najinyenyekeza.

Mkutanoni nikataka haya yaingie katika kumbukumbu: michango ya magari ipitie M-Pesa, kila malipo yaidhinishwe na mweka hazina, katibu na mjumbe mmoja, mimi nisiwemo. Mjumbe akasimama.

"Mwenyekiti gani huyo asiyeweza kutoa hata mia tano ya chai?"

"Aliyewahi kuiba," nikamjibu.

Ukumbi ukanyamaza. Mzee wangu, kule nyuma, akakohoa tu.

Utaratibu ule ulituumiza pia, nisifiche. Usiku mmoja makanga wetu alishikwa, dhamana ikahitajika, katibu simu imezima. Kijana akalala seli hadi asubuhi. Alinijia steji akanitukana mbele ya watu, nami sikuwa na la kumjibu. Tuliongeza mtu wa nne wa kuidhinisha, mmoja wa wale watatu akikosekana. Wa nne huyo hakuwa mimi.

Nilikaa kitini miaka sita. Nambari ya siri ya akaunti ile sikuwahi kuijua.