Njombe ya Julai: baridi, mahaba na jiko la mkaa

Kama hujawahi kuona pumzi yako mwenyewe ikitoka kama moshi wa sigara, panda basi uende Njombe mwezi Julai. Sisi wa Dar kipupwe kikifika tunapunguza feni, basi. Kule ni habari nyingine kabisa.

Mimi na mume wangu tulikwenda mwaka jana kumtembelea shoga yangu wa chuo, aliyehamishiwa huko kikazi, ndoa yake ikiwa na miezi minane tu. Tuliondoka alfajiri, tukapita Mikumi tukihesabu swala, tukapanda Kitonga roho mkononi, na pale Makambako basi likaiacha barabara ya Mbeya likakata kushoto. Kuanzia hapo ni miti ya paini, miwati, mashamba ya chai ya Kibena, na ukungu. Mji unakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka stendi na fulana, kila mtu anajua wewe ni mgeni.

"Kamwene!" Shemeji alitupokea na makoti mawili mkononi. Nikampenda papo hapo.

Wanakaa chumba na sebule. Pazuri, pasafi, kodi ya kawaida kwa vijana wanaoanza maisha. Tatizo lilikuwa juu: bati tupu, hakuna dari. Joto lote mnalolitafuta linapanda, linaligusa bati la baridi, limekwenda. Chini ni saruji, na vioo vya dirisha havikutani vizuri.

Shoga yangu alikuwa na hita ya wati 2,000, lakini ilikuwa imefichwa chini ya kitanda. Alinipigia hesabu. Saa tatu kila jioni ni uniti 6, kwa mwezi uniti 180. Wao wako kwenye lile kundi la bei nafuu la uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo siku ya 13 tu wameshazivuka. Yaani ugomvi wao wa kwanza wa ndoa ulikuwa wa LUKU! Mume, mzaliwa wa hukohuko, anasema vaa soksi ulale. Mke, binti wa Tanga, anauliza tangu lini mwanamke akaingia kitandani kwa mumewe na soksi.

Sasa naomba nikiri. Wazo la jiko lilikuwa langu. Mimi, mhariri wa kurasa za mapenzi, nikasema kwani jiko la mkaa lina kazi gani? Tukalisubiri nje likolee, moshi uishe, liwe jekundu, ndipo tukaliingiza sebuleni. Dirisha tukalifunga, khanga mbili nikazisokomeza chini ya mlango. Chai ya tangawizi, mahindi ya kuchoma, taa tumezima. Mahaba matupu! Wenyeji wakaingia chumbani kwao, sisi tukalala kwenye godoro palepale, mita mbili kutoka kwenye jiko.

Saa nane usiku niliamka kichwa kinagonga. Nikadhani ni ulanzi niliouonja jioni. Nikamsukuma mume wangu, akaguna tu, hakufumbua macho. Nikamwita kwa jina, nikampiga kofi, kimya. Nilipojaribu kusimama miguu haikuwa yangu. Nilitambaa hadi mlangoni, nikavuta komeo, nikaangukia barazani. Upepo ukanipiga usoni, upepo uleule niliouwekea khanga.

Kishindo kilimwamsha shemeji. Wakamburuta mume wangu nje, akaanza kutapika, na sijawahi kufurahi kumwona mtu akitapika kiasi kile. Alfajiri alikuwa hospitali na barakoa ya oksijeni.

Muuguzi, mama wa makamo, hakushangaa hata kidogo. "Mwanangu, mlidhani moshi ukiisha na sumu imeisha?"

Ndivyo tulivyodhani, na nadhani wengi wenu pia. Kumbe mkaa mwekundu usio na moshi unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini inaishika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Damu inazunguka, lakini haibebi inachotakiwa kubeba. Aliyelala hakohoi wala hashtuki, anazidi kulala tu. Na kuacha dirisha wazi kidogo hakufanyi jiko liwe salama la kulala nalo. Jiko la gesi la kupikia nalo si la kupashia chumba joto.

Siku zilizobaki tulijifunza kuishi Kinjombe. Kwanza blanketi moja linatandikwa chini yako, maana baridi kubwa inatoka chini. Halafu chupa ya mpira ya maji ya moto, ile ya kukandia: birika la umeme la lita moja na nusu linachemsha kwa chini ya robo ya uniti. Usimimine maji yanayotokota, na izungushie taulo kabla ya kuiweka miguuni. Mapazia mazito tulipata mtumbani, pamoja na koti ambalo mume wangu alishuka nalo Dar akitoka jasho, hataki kulivua. Hita yenyewe si mbaya. Ichomekwe kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni ya bei poa yenye televisheni na pasi, ikae mita moja kutoka kwenye pazia na neti, iwake nusu saa wakati wa kuoga na kuvaa, izimwe kabla ya kulala.

Maporomoko ya Ruhuji tuliyaona. Kitulo tuliiacha, maua yake yanataka mvua, Desemba hadi Aprili. Tutarudi. Ila safari hii kabla ya kuuliza kama chumba kina televisheni nitauliza kama kina dari.

Shoga yangu alinitumia picha mwezi uliopita. Mama mwenye nyumba amekubali waweke jipsamu, gharama ikatwe kwenye kodi. Jiko liko barazani, limebandikwa maharage. Kuhusu soksi, bado wanajadiliana.