Subaru Moja, Bei Tatu

Barua kutoka Chiba, Japani

Mpwa wangu,

Picha za ile Impreza WRX STI ya bluu yenye rimu za dhahabu nimeziona zote, na video ya mlio wa bomba lake imesikika mpaka kwa jirani. Unauliza mambo mawili: litafika Mlandege, Iringa, kwa shilingi ngapi, na ukilichoka baada ya miaka mitatu utaliuza kwa shilingi ngapi. La kwanza ni hesabu tu. La pili ndilo limenifanya nikae kuandika badala ya kukupigia, kwa sababu jibu lake linategemea gari hilo limeegeshwa nchi gani.

Nianzie huku niliko. Mjapani wa kawaida haogopi gari lake kuharibika, anaogopa makaratasi. Gari jipya linakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo wanauita shaken, na ukijumlisha bima ya lazima na kodi ya uzito, gharama yake inaweza kupita yeni 100,000 hata kama gari halina ubovu wowote. Halafu kuna kodi ya kila mwaka inayofuata ukubwa wa injini. STI ya huku ina cc 1,994. Kama lilisajiliwa kabla ya Oktoba 2019, mwenye nalo analipa yeni 39,500 kwa mwaka, na likishatimiza miaka 13 kodi inapanda hadi yeni 45,400 hivi, kwa hoja kwamba gari zee linachafua hewa.

Kwa hiyo mzee wa hapa akiona ukaguzi unakaribia, analipeleka gari lake kwa muuzaji likiwa halijachubuka popote, anachukua jipya, na lile la zamani linahesabiwa kama sehemu ya malipo. Bei anayopewa ni ya chini. Muuzaji anajua mteja wake hana muda wa kuzunguka kutafuta mnunuzi, na anajua kwamba yeye mwenyewe atalisukuma mnadani wiki hiyohiyo. Hata kodi za makampuni zimekaa hivyo: gari la kawaida linafutwa vitabuni ndani ya miaka 6, na vile vigari vidogo vya kei ndani ya miaka 4. Likifika mwaka wa saba, kwa mhasibu ni sifuri. Sifuri hizo ndizo zinazojaza meli kwenda Dar es Salaam, na Tanzania imo miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa magari yaliyotumika ya Japani.

Sasa STI halifuati mkondo huo, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Mwaka 2019 Subaru walitangaza kufunga ukurasa wa EJ20, injini ya STI hizi, kwa soko la Japani. Magari ya mwisho yenye injini hiyo yalikuwa 555 tu, na watu waliyapata kwa bahati nasibu. Namba 555 waliichagua makusudi: ndiyo ile ya sigara zilizodhamini Impreza za mashindano enzi za Colin McRae, aliyechukua ubingwa wa dunia mwaka 1995 na Safari Rally kule Kenya mwaka 1997. Gari ambalo kiwanda kimeacha kulitengeneza, na mashabiki wake bado wapo, linagoma kushuka bei kama Corolla.

Na kuna Wamarekani. Sheria yao inazuia kuingiza gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya kwao, mpaka litimize miaka 25. Likitimiza, mlango unafunguka. Impreza 22B ya mwaka 1998, iliyouzwa 400 tu hapa Japani, leo ni mali ya matajiri. Hilo unalolitaka wewe ni la 2006, litatimiza miaka 25 mwaka 2031, na wafanyabiashara wanajua kuhesabu. Ukikaa mnadani unadhani unashindana na Mpakistani wa Nagoya anayenunulia yadi ya Dar, kumbe mwenzako ana mteja wa Texas kichwani. Yeni nayo imekuwa dhaifu, mwaka 2024 ilipita 160 kwa dola moja, kwa hiyo mwenye dola hashtuki.

Tuvuke bahari. Mamlaka ya Mapato, TRA, hawatakuuliza ulinunua kwa bei gani kisha wakaamini. Wana mfumo wao wa thamani za magari yaliyotumika, na risiti yako ikiwa chini ya thamani yao, watatumia yao. Tuseme thamani hiyo pamoja na usafiri na bima ni shilingi milioni 20. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unakufikisha milioni 25. Kisha ushuru wa bidhaa: kwa cc 1,994 ni asilimia 5, una bahati, maana zikizidi 2,000 ingekuwa 10. Bahati inaishia hapo. Gari lenye miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15 ya uchakavu, na lililopita miaka 10 asilimia 30. Lako limepita. Ukipiga asilimia 35 juu ya milioni 25, halafu VAT ya 18 juu ya jumla yote, serikali inabaki na milioni 19.8, kabla hujaongeza vitozo vidogo vidogo, wakala wa bandarini na usajili. Gari lilelile lingekuwa chini ya miaka 8, kodi ingekuwa milioni 11. Japani wanaadhibu uzee kila mwaka kidogo kidogo, sisi tunauadhibu mara moja pale bandarini Kurasini.

Usiogope kwanza. Kwa magari mengi kodi hiyo haipotei. Anayenunua Premio bandarini akalipa kodi nzito, miaka minne baadaye atampata mtu Makambako au Mafinga wa kuichukua kwa bei ambayo Mjapani akiisikia atadhani ni utani. Sababu ni kwamba mnunuzi huyo akitaka kuagiza lake atalipa kodi ileile, tena kwa shilingi iliyopungua nguvu. Kodi imeganda ndani ya bei ya gari, na kila mmiliki anampokeza mwenzake. Ndiyo maana yadi zinaweza kubandika tangazo la kupokea gari lako ukaongeza hela ukaondoka na jingine: wanajua IST au Probox haitalala pale hadi Ijumaa.

STI haliko kwenye mnyororo huo. Mtu mwenye pesa yake pale Miyomboni hatalinganisha gari lako na gharama ya kuagiza STI jingine, maana hana mpango wa kuagiza STI. Atalinganisha na Forester au Harrier ya bei hiyohiyo. Na hofu yake haifanani na ya Mjapani. Hajali ukaguzi. Anauliza: linakunywaje? Fundi wake nani? Tabo imewahi kufunguliwa? Alikuwa nalo kijana? Hilo la mwisho ndilo baya zaidi, kwa sababu wewe ni kijana, na kila mtu kuanzia Kihesa hadi Ipogolo atakuwa amekusikia ukipita. Gari lililokanyagwa lina bei yake, na bei hiyo anaipanga dalali kabla hujafungua mdomo.

Hofu hizo zina msingi, tusidanganyane. Injini ile imelala, pistoni zinasukumana kushoto na kulia, na hata kubadilisha plagi ni kazi ya kujipinda. Mafundi wanaoielewa Iringa unawahesabu. Iliwekwa sawa kiwandani kwa petroli ya oktani 100, ambayo huku ipo karibu kila kituo na huko huipati. Ukiibana kwa mafuta hafifu inagonga, na pistoni za EJ hazipendi kugongwa. Oili inataka kuangaliwa kila wiki, siyo kila sikukuu.

Kwa upande mwingine, na hili nalisema kama mtu aliyekulia huko, hakuna mji Tanzania unaolistahili gari hilo kama wetu. Iringa iko juu, mita 1,500 na zaidi, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kadiri unavyopanda. Lenye tabo linavuta hewa yake lenyewe. Mlima Kitonga ambako Noah zinahema nyuma ya malori, wewe utapanda kama unashuka. Na mji uliowahi kuwa na Mkwawa Rally una watu wanaojua wanachokitazama. Kama mnunuzi wa kweli yupo mkoani, ni miongoni mwa hao wanaosimama kando ya barabara za vumbi siku ya mashindano. Uwafahamu mapema, kabla hujahitaji kuuza.

Jambo la namba nalo usilidharau, ingawa mimi linanichekesha. Nyumbani herufi ya kibao inahesabiwa kuliko mwaka wa kutengenezwa. Gari la 2004 lililosajiliwa juzi kwa namba E linauzwa kwa majivuno kuliko la 2008 lenye namba C. Lako litakuja na herufi mpya, na mwaka wa kwanza hiyo itakusaidia. Baada ya hapo herufi zinasogea mbele bila wewe.

Kwa hiyo bei ya kuuza baada ya miaka mitatu: kodi yote hesabu imekwenda, hakuna atakayekurudishia. Kinachobaki ni kile ambacho shabiki mmoja, siyo soko, atakuwa tayari kulipa. Kama hela hiyo ndiyo akiba ya kumalizia nyumba, na mama yako ameshanieleza habari za bati, agiza Probox ulipe bati. Kama ni hela ambayo hutaililia, mjomba wako hatakuzuia, na nitaomba ufunguo nikija Desemba.

Ila siyo hilo la bluu. Karatasi yake ya mnada ina alama ya R, yaani lilipata ajali likanyooshwa, na rimu zile za dhahabu pamoja na bomba lile kubwa siyo za kiwandani. Anayetafuta STI huanza kuuliza vitu vya asili viko wapi, na muuzaji wa hili hanavyo. Kuna jeusi la 2007, kilomita nyingi zaidi lakini daraja la 4, halijabadilishwa kitu, na daftari la matengenezo lipo ndani. Limeandikwa kwa mnada wa Noda, ambao ni kila Alhamisi. Nipe jibu Jumatano kabla hujalala, na useme mwisho wako ni yeni ngapi, maana mnadani nitakuwa mimi na sitakupigia kuuliza tuongeze.

Mjomba wako,
Chiba