Mate hayana jina la bibi

Kwa familia nyingi za Wamarekani weusi, karatasi za ukoo hukatikia mwaka 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wengi waliokuwa watumwa. Kabla ya hapo liliandikwa jina la bwana wao, na chini yake umri, jinsia na rangi za watu. Mtoto akipewa kazi ya shule ya kuchora mti wa ukoo, mzazi amjibu nini?

Wengi hutema mate kwenye kichupa na kuyapeleka maabara kupimwa vinasaba. Lakini kipimo cha upande wa mama hufuata mstari mmoja tu: mama, bibi, mama yake bibi, hivyo hivyo hadi nyuma. Ukirudi vizazi 5, kila mtu ana wazazi 32. Hapo anafuatwa mmoja. Mtoto akiambiwa asili yake ni Wamende wa Sierra Leone, aelezwe na hao 31 waliobaki. Vipimo vinavyotafuta jamaa navyo huweza kumfichua ndugu ambaye baba hakuwahi kumtaja. Hayo wayamalize watu wazima kwanza.

Mengine hupatikana kwenye mkutano wa ukoo, kila kiangazi, fulana za rangi moja, nyama jikoni. Wazee wakishashiba ndipo hutaja shamba, kanisa, jina la utani la babu. Mpe mtoto simu arekodi, akianza na mzee ambaye kumbukumbu zimeanza kumpotea. Kichupa kinaweza kungoja.