Usiivute kwa Gari

Mkokotoni, Unguja

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya pili mama yako alikuwa ubavuni pangu, akaniuliza huyo Blaster ni binti wa nani. Nimemtuliza, nikamwambia ni pikipiki ya magurudumu manne iliyokulia pesa huko Maskati.

Nilivyoelewa mimi, umeipata kwa bei ya kutupa, ilikaa bandani kwa mtu miaka miwili, kiki haishuki hata ukiisimamia kwa miguu miwili, na rafiki zako wanataka kuifunga kamba nyuma ya Land Cruiser, uitie gia ya tatu, waivute mpaka iachie. Wakatalie. Silinda ya injini ya mipigo miwili ina madirisha ubavuni, ya kuingizia mchanganyiko na ya kutolea moshi. Ringi iliyogandana ukiilazimisha hujikwaa kwenye ukingo wa dirisha ikakatika, na kipande kikapata njia ya kuzurura ndani. Hapo konrodi ikipinda ushukuru kwamba haikutoboa tumbo la injini.

Haya nayajua kwa sababu niliyafanya. Mwezi wa Ramadhani mmoja niliteremshiwa mashine ya boti ya farasi 40, imekamata, mwenyewe ana haraka. Nikatia spana kwenye nati ya flaiwili, juu yake nikachomeka bomba la urefu wa mita, nikaning'inia. Iliachia kwa mlio kama wa mfupa. Ikawaka, nikachukua pesa yangu, nikaenda kufuturu. Siku ya pili ikazimika kati ya hapa na Tumbatu na abiria ndani, wakaelea hadi ngarawa ikawafuata. Nilipoifungua nikakuta kipande cha ringi kimeilima silinda mistari kama shamba la muhogo. Na kilichoikamatisha tangu mwanzo ni kijana aliyekuwa akipima oili kwa macho. Mimi niliwaza itaachia vipi. Imekamata kwa nini, sikuuliza, na ile aibu ninayo mpaka leo nikipita pale gatini.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza. Weka frii, toa plagi, fungua kava ya magneti, tia boksi spana kwenye nati ya flaiwili ujaribu kwa mkono, taratibu, huku na huku. Ikizunguka, injini haina neno, mgonjwa ni kiki na meno yake. Ikicheza kidogo kisha ikagonga kitu kigumu, kuna kipande kimejibana au beringi imevunjika, basi usiendelee kuizungusha. Ikiwa imetulia kama imechomelewa, pistoni ndiyo iliyoshika silinda.

Ikiwa ni hivyo, changanya dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu, mimina kwenye tundu la plagi, uiache siku mbili tatu. Asubuhi ukikuta imekauka, imepenya kwenda chini au imetokea kwenye ekzosi, ongeza. Wewe ni mtu wa haraka, najua, lakini dizeli haina haraka.

Ndipo utoe silinda hedi, ukilegeza nati kwa msalaba, nusu mzunguko kila moja. Weka kipande cha mti laini juu ya pistoni, ugonge kama unavyobisha mlango wa jirani usiku. Pistoni ikiachia, inua silinda, na kabla haijatoka yote, ziba mdomo wa tumbo la injini kwa kitambaa safi. Mchanga wa jangwa la Sharqiya huko Oman unaingia hata kwenye halua iliyofungwa, sembuse injini iliyo wazi.

Sasa usifute kitu. Igeuze pistoni juani uitazame. Utepe wa kutu wa kahawia, na kwingine kote safi, maana yake ililala na unyevu tu. Hiyo ndiyo ninayokuombea. Michubuko upande wa ekzosi peke yake ni joto: mchanganyiko ulikuwa na petroli kidogo, au hewa inavuja kwenye mpira wa kabureta au sili za krenki. Michubuko minne iliyoachana kama pembe za meza ni pistoni iliyotanuka upesi kuliko silinda, mtu kaikimbiza injini haijapata moto. Iliyochubuka duara zima ilikosa oili. Na ukiona upande wa kabureta umefifia kijivu, kama uliosuguliwa msasa, basi chujio la hewa lilikuwa pambo.

Kwenye matuta ya mchanga kuna jambo jingine. Mnapoteremka tuta refu mnaachia mafuta, gurudumu linaizungusha injini kwa kasi, na oili ya injini hizi huja na petroli, au huja kwa pampu inayofuata waya wa mafuta. Ukifunga mafuta, umefunga na oili. Waswidi waliotengeneza Saab za mipigo miwili waliliona hilo, wakaweka kifaa cha kuiachia injini ipumue gari linapoteremka. Wewe huna kifaa, una klachi. Ikamate, au vuta mafuta kidogo kila baada ya muda.

Silinda ya Blaster ina sleeve ya chuma, kipenyo milimita 66, kwa hiyo ikichubuka hukerezwa, na pistoni za kuzidi huuzwa kwa hatua za 0.25. Nunua pistoni kwanza, umpelekee mkerezaji aipime hiyohiyo, kwa kuwa nafasi inayotakiwa baina yao ni kama unene wa unywele. Mshale ulio juu ya pistoni uelekee ekzosi. Pengo la kila ringi likae kwenye kipini chake. Klipu za pini ziwe mpya. Usinirudishie klipu ya zamani kwa kuiona ingali na nguvu. Na kabla hujatumia hata baiza moja, shika konrodi uivute juu na chini. Kwenda ubavuni kidogo kunaruhusiwa. Ikigonga juu na chini, krenki imekwisha, na pistoni mpya utaipeleka machinjoni.

Ukishaifunga, ziba matundu, ijaze hewa ya psi 6, uingoje dakika 6. Sindano ya geji ikishuka, paka maji ya sabuni utafute povu. Pampu ya oili siiamini mpaka niione ikitoa. Kwa hivyo tangi la kwanza changanya mwenyewe, moja kwa 32, yaani lita 20 kwa mililita 625, kwa chupa yenye alama. Iwashe ipate moto, izime ipoe kabisa, mara tatu, ndipo uione barabara.

Ukiitoa pistoni nipigie picha mbili, upande wa ekzosi na upande wa kabureta, mchana, bila flashi. Mama yako anasema usisahau halua, ile ya zafarani.

Mjomba wako