Sanduku la Bati la Ujiji

Tunapotaja urithi wa taifa letu, aghalabu fikra zetu huelekea kwenye ngoma, vinyago, magofu na tungo za wazee. Ni nadra kumsikia mtu akiitaja kanda ya video ya harusi. Lakini katika nyumba yetu ya Ujiji, ambayo baraza lake latazama njia iendayo ziwani, urithi tulioachiwa na wazazi ulikuwamo ndani ya sanduku la bati: kanda 14 za VHS, pamoja na kigurudumu kimoja cha filamu ya milimita nane ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona kikionyeshwa. Sisi ni ndugu wanne. Kwa muda wa mwaka mzima tulibishana juu ya sanduku hilo, nasi tumeona vema kuyasimulia mabishano hayo hapa, maana yanahusu nyumba nyingi zaidi ya yetu.

Yafaa kwanza tueleze jinsi vitu hivi vilivyopatikana. Filamu ni ya mwaka 1974. Aliipiga mwalimu mgeni aliyekuwa mpangaji katika chumba chetu cha mbele, na alipoondoka akamwachia baba, akamwambia aitazame siku atakapopata mashine. Mashine haikupatikana kamwe. Kanda zilianza mwaka 1987. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni, kwani matangazo yalianza mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya 1970. Hata hivyo deki za video zilikwisha kufika Kigoma kwa mikono ya wafanyabiashara wa Bujumbura na jamaa waliorudi kutoka Maskati na Dubai. Umeme wetu ulikuwa wa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa, nao ulikatika bila kubisha hodi. Ndiyo maana katika kanda ya tano bibi harusi anaingia uani akiwa katika mwanga mkali wa taa, kisha ghafla anageuka kivuli mbele ya karabai mbili zilizoazimwa kwa wavuvi wa dagaa.

Sanduku lingeendelea kulala uvunguni kama si ziwa. Miaka ya 2020 na 2021 maji ya Tanganyika yalipanda, yakazifikia nyumba nyingi za mwambao, nasi tukainua kila kitu kilichokuwa sakafuni. Tulipolifungua sanduku tulikuta ukungu mweupe umeota kwenye kingo za kanda, kama ule unaoota juu ya dagaa walioanikwa wakanyeshewa. Tukatambua kwamba hatuna muda wa kusubiri.

Kaka yetu aishiye Dar es Salaam ndiye aliyetoa shauri kwanza. Alitaka kila kitu kihamishiwe kwenye kompyuta na kupandishwa hadi ubora wa juu wa HD, picha ikijaza kioo chote cha televisheni za siku hizi. Gharama yake, kwa hesabu tuliyopewa, ilikuwa sawa na mauzo yetu ya mawese ya msimu mzima. Dada yetu mkubwa, ambaye ndiye anayeitunza nyumba, hakuafiki.

"Dada, nakuheshimu," kaka alisema kwa simu, "lakini watoto wetu hawatakaa kutazama giza."

"Mdogo wangu," dada akamjibu, "giza lile ndilo lililokuwapo."

Wengine wawili tulikuwa katikati, na kwa kweli tuliyumba. Neno la kaka lilikuwa na uzito. Katika kanda ya video, picha na sauti huandikwa kwa sumaku juu ya unga wa oksidi ya chuma uliogandishwa kwa gundi kwenye utepe wa plastiki, na gundi hiyo hunyonya unyevu na kulegea kadiri miaka inavyopita. Hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilitoa onyo mwaka 2015 kwamba kanda ambazo hazingekuwa zimehamishwa kufikia mwaka 2025 kwa sehemu kubwa zingepotea. Hata mashine zenyewe zinatoweka: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Sisi wenyewe tuliipata deki moja huko Mwanga, na kwa pupa yetu tukaitia kanda ya tatu bila kuifuta ukungu. Deki ikaitafuna. Dakika zilizopotea zilikuwa za maulidi ya mwaka 1989, na lawama ni yetu.

Basi kuhamisha kulikuwa lazima. Kubishaniwa kulikobaki ni kule kupandisha ubora, na hapo tulilazimika kujifunza jambo ambalo hatukulijua. Picha ya HD kamili hupangwa kwa nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kwenda juu, yaani zaidi ya nukta milioni mbili. Kanda ya VHS hubeba sehemu ndogo tu ya hizo. Ukiihamishia kwenye HD, nukta zinazoongezeka hazitoki Ujiji ya mwaka 1987, kwa sababu kamera haikuziona, kompyuta huzikisia. Filamu ni kitu kingine. Kijipicha kimoja cha filamu ya milimita nane ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, lakini ndani yake mna mengi ambayo jicho halikuwahi kuonyeshwa, na mashine nzuri ya leo huweza kuyatoa.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko kwetu, kilomita zipatazo 16 kaskazini ya mji wa Kigoma. Jane Goodall alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960, na kuanzia mwaka 1962 Hugo van Lawick alipiga huko filamu nyingi za milimita 16. Zaidi ya saa 100 za filamu hizo zilikaa hifadhini Marekani kwa nusu karne hivi, mpaka zilipopatikana tena mwaka 2014. Na mwaka 2017 mwongozaji Brett Morgen akatoa kwazo filamu iitwayo "Jane". Vipande vilikuwa vimevurugika, tena havikuwa na sauti. Lakini picha zilipooshwa na kupandishwa, majani ya Gombe yalirudi na ubichi wake. Kaka yetu alituletea filamu hiyo kama ushahidi wa hoja yake, nasi tuliitazama usiku mmoja, sote tukiwa kimya. Ilipokwisha, dada akauliza swali ambalo hatukulitarajia. Aliuliza iweje sokwe wa Gombe wajulikane kwa majina, David Greybeard, Flo, Goliath, Fifi, na mama wa nani, na mtoto wa nani, ilhali katika kanda zetu wamo watu wa mtaa wetu wenyewe ambao sisi hatuwezi kuwataja. Goodall aliyaandika majina yale tangu mwanzo, siku kwa siku. Sisi tulikuwa tunaulizana juu ya nukta.

Hata hivyo hatukuliacha shauri la kaka bila kulijaribu. Tulimpa fundi mmoja kanda ya pili, ambayo mama anaonekana akicheka kwenye harusi ya binamu yetu, atutengenezee dakika tano. Alituletea baada ya wiki moja. Mwanzoni tulifurahi, kwa maana ukungu wa picha ulikuwa umeondoka, na mama alionekana laini na kijana. Halafu mdogo wetu akasimamisha picha, akasogea karibu na kioo. Mama alikuwa na mwanya. Baba alizoea kutania kwamba mwanya huo ndio uliomkwamisha Ujiji alipokuwa safarini kwenda Kalemie. Katika picha mpya meno yalikuwa yamepangika sawasawa. Programu ilikuwa imekiona kiweusi kidogo katikati ya meno, ikakidhani kuwa ni dosari ya kanda, ikakiziba.

Tulirudi kuitazama dakika tano hizo kwa macho mengine. Kanda za zamani zina umbo la karibu mraba, tatu kwa nne, na ili kujaza kioo kipana fundi alikuwa amekata juu na chini. Kwa njia hiyo hupotea robo nzima ya picha. Juu zilipotea vilemba vya wazee waliosimama. Chini ilipotea miguu ya akina mama waliokuwa wakicheza ngoma, pamoja na watoto wote walioketi mchangani mstari wa mbele. Mmoja wa watoto hao alikuwa mmoja wetu. Ngoma isiyo na miguu! Mwalimu yeyote wa sanaa anajua kwamba mtu hawezi kujifunza ngoma kwa kutazama mabega.

Hatumlaumu fundi, kwani alifanya alichoagizwa, na alichoagizwa ni picha safi iliyojaa kiooni.

Tulikata shauri hatimaye, ingawa hatukukata kwa sauti moja. Filamu ya mwaka 1974 tuliipa fedha nzuri. Mpwa wetu asomaye Ujerumani aliipeleka kwenye maabara, ikapigwa kwa ubora wa juu kabisa uliopatikana. Kanda 13 zilizosalia zilihamishwa kama zilivyo, picha nzima, mistari na giza lake, bila kulainisha nyuso, nasi tukahifadhi nakala tatu katika nyumba tatu. (CD mbili tulizotengeneza miaka ya 2000 zilikuwa hazisomeki tena, basi tuliogopa kuamini chombo kimoja.) Fedha zilizobaki zilimwezesha mdogo wetu kukaa Ujiji miezi miwili na kumsikiliza shangazi.

Shangazi yetu amepita miaka 80, na mtoto wa jicho amemzibia macho yote mawili. Kwake HD na giza ni kitu kimoja. Lakini ndiye pekee aliyebaki anayewajua watu wa kanda zile, na anawajua kwa sauti. Humkalisha barazani, wakaiwasha kanda, naye huinua mkono: "Hapo, rudisha. Kigelegele hicho ni cha mkunga wenu. Na huyo anayekohoa ni fundi wa mitumbwi, alikaa nyumba ya tatu kutoka msikitini." Mdogo wetu huandika katika daftari namba ya kanda, dakika, jina na nyumba.

Filamu iliporudi kutoka Ujerumani ilikuwa ya dakika tatu na sekunde 20, kimya kabisa. Mama amesimama ufukweni na sinia la dagaa kichwani, karibu sana na kamera, na ubora wa juu umeyafanya maneno ya kanga yake yasomeke: "Mdhaniaye ndiye". Yanayofuata yamefichwa na mkunjo wa kiuno. Tulimsomea shangazi, naye akamalizia papo hapo, "kumbe siye," akacheka mpaka akaishika nguzo ya baraza. Kipande cha pili cha doti hiyo alipewa yeye. Tulipomwuliza kanga ile ilinunuliwa ili asome nani, alituambia kwamba mwenyewe bado ana wajukuu pale mtaani, na kwamba hilo lisiandikwe daftarini.

Kaka alijitengenezea nakala moja ya harusi, pana na laini, kwa ajili ya televisheni yake, nasi tulimwomba aandike juu yake kwamba imebadilishwa. Ameandika. Daftari limekwisha kufika kanda ya 11. Humo, mnamo dakika ya 40, kuna mtoto analia nje ya picha kwa muda mrefu, na mwanamke anambembeleza kwa Kiha. Shangazi ameisikiliza mara sita. Amesema irudiwe Ijumaa, asubuhi, kabla pikipiki hazijaanza kelele.