Kutoka Fidia hadi Cheti

Waliosoma magazeti ya Kenya katika miaka ya themanini wanakumbuka uzito uliobebwa na fedha za kigeni. Zilikuwa haba, ziligawiwa kwa kibali, na aliyeziingiza nchini kwa kuuza bidhaa ng'ambo alihesabiwa kuwa amelifanyia taifa hisani inayostahili kulipwa. Malipo hayo yalikuwa na sheria yake tangu 1974. Mwenye kiwanda aliyesafirisha bidhaa iliyotengenezwa nchini alirudishiwa na serikali sehemu ya thamani yake, asilimia 10 mwanzoni, na baadaye 20. Nia haikuwa mbaya. Viwanda vyetu vilikuwa vimezungushiwa ukuta wa ushuru, na ukuta huohuo ulipandisha bei ya malighafi na mashine kutoka nje. Kuuza Nairobi na Mombasa kulikuwa na faida zaidi kuliko kuuza Dubai au Lusaka, na fidia ilikusudiwa kusawazisha mizani. Tatizo lilikuwa katika kile serikali ilichokubali kukilipia, yaani thamani iliyoandikwa kwenye fomu ya forodha. Mwenye kampuni kubwa na karani wa kufuatilia mafaili Hazina alilipwa, ingawa kwa kuchelewa. Mwenye karakana ndogo mara nyingi aliona heri asiombe kabisa.

Nimekuwa nikiamini, na miaka inavyopita naamini zaidi, kwamba sakata la Goldenberg lilizaliwa na umbo lenyewe la fidia. Ulafi wa watu wachache haukuifikisha huko peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kampuni ya Goldenberg ilipewa haki ya pekee ya kusafirisha dhahabu na almasi, pamoja na fidia ya asilimia 35, yaani 20 za kisheria na 15 za kuongezewa. Kenya haina migodi ya almasi, na dhahabu yake wakati ule ilikuwa kidogo mno ikilinganishwa na kilichokuwa kikidaiwa. Lakini kwa mfumo uliolipia maandishi, upungufu wa madini haukuwa kizuizi. Kilichohitajika ni fomu, mihuri na watu wa kuitikia. Mabilioni ya shilingi yalitoka kabla ya karani wa Benki Kuu, David Munyakei, kuzitoa nyaraka zilizoanika mambo hayo mwaka 1993. Alipoteza kazi, na tume iliyoongozwa na Jaji Bosire ilikuja kuketi miaka kumi baadaye. Fidia yenyewe ilifutwa mwaka huohuo wa 1993, na sikumbuki wengi walioililia.

Kuna hoja moja nzito dhidi ya ninayosema, nayo ni Korea Kusini. Serikali ya Park Chung-hee iliwamwagia wauzaji wa nje mikopo ya riba nafuu katika miaka ya sitini, na nchi iliyokuwa maskini ikawa taifa la viwanda. Kwa nini pesa zilizofaa Seoul zisifae Nairobi? Jibu liko katika masharti kuliko katika pesa. Mkopo ulitolewa kwa aliyeonyesha hati ya benki ya mnunuzi wa ng'ambo, mauzo yalikaguliwa katika vikao vya kila mwezi alivyohudhuria Rais mwenyewe, na aliyeshindwa kufikia lengo alijua msaada ungekatika. Aliyethibitisha kwamba bidhaa ipo ni mgeni mwenye pesa zake, asiye na sababu ya kudanganya kwa faida ya muuzaji. Kwetu uthibitisho huo ulikuwa mikononi mwa ofisi za humuhumu, ambazo zingeweza kushinikizwa kwa simu moja kutoka juu.

Mabadiliko ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya tisini hayakupangwa kwa nadharia hiyo, lakini yalielekea huko. Sheria ya EPZ, yaani maeneo maalumu ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, ilipitishwa 1990, na Athi River ikapata viwanda vinavyoingiza malighafi bila ushuru na kusamehewa kodi ya mapato kwa miaka kumi ya kwanza. Baraza la kukuza mauzo ya nje liliundwa 1992. Leo kazi yake inafanywa na wakala wa serikali uitwao KEPROBA. Mwaka 1993 shilingi iliachwa itafute bei yake sokoni, na nadhani hatua hiyo iliwasaidia wauzaji wa nje kuliko miaka yote ya fidia. Atasema mtu kwamba msamaha wa kodi nao ni ruzuku, ila umevaa nguo nyingine. Ni kweli, na wanaoulalamikia wana haki: wapo wawekezaji wanaofuata msamaha, na mishahara ya mafundi wa cherehani wa Athi River haijawahi kuwa ya kujivunia. Hata hivyo, kiwanda hewa hakisamehewi chochote cha maana, kwa sababu hakina faida ya kutozwa kodi. Hazina inaweza kukosa mapato bila mtu kuchota kilichomo. Udhaifu mkubwa wa viwanda hivyo naona uko kwingine: tangu 2000 vimeegemea AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, na muda wake ulipofika kikomo Septemba 2025, Bunge la Marekani lilikuwa halijauongeza.

Sura halisi ya msaada wa siku hizi iko mashambani na kwenye maabara. Mapema 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kukagua asilimia 10 ya shehena za mishiri na njegere kutoka Kenya, baada ya kukuta mabaki ya dawa yaliyozidi kiwango. Shilingi za ruzuku zisingemsaidia mkulima wa Kirinyaga ambaye mzigo wake unakataliwa uwanja wa ndege wa Ulaya. Alihitaji serikali izuie dawa yenye kasoro, na maabara ya KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, ambayo matokeo yake mnunuzi anayaamini. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya maua. Mkataba wa biashara na Ulaya ulikuwa haujakamilika, na kuanzia 1 Oktoba hadi 25 Desemba 2014 maua ya Naivasha yalitozwa ushuru, huku majirani zetu wa Afrika Mashariki, kwa kuhesabiwa miongoni mwa nchi maskini zaidi, wakiingia bure. Hakuna fidia inayoziba pengo la namna hiyo kwa muda mrefu. Lilizibwa na wajumbe mezani, na Kenya ikaja kupata mkataba wake yenyewe unaotumika tangu Julai 2024. Mwenye parachichi naye ana habari yake. Kwa hofu ya nzi wa matunda, China ilikubali kwanza yaliyomenywa na kugandishwa, sharti ambalo wachache sana wangelimudu. Yale mabichi yalianza kwenda Agosti 2022, baada ya mazungumzo marefu ya wakaguzi wa pande mbili.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni kwamba msaada wa namna hii, wa kupata vyeti vya viwango anavyodai mnunuzi, unamfaa mwenye shamba kubwa. Kumbukumbu za unyunyiziaji, ghala la dawa, choo cha vibarua, ada ya mkaguzi: kampuni yenye hekta mia inabeba gharama hizo bila kuzihisi, na mwenye nusu ekari anaamua kurudi kwenye mahindi. Sina jibu kamili. Vikundi vya wakulima vinavyogawana cheti kimoja vimesaidia palipo na uongozi mzuri, na mahali pengine vimevunjika. Pesa za umma zikitumika kulipia ukaguzi wa vikundi hivyo, bado zinalipia kitu kinachoonekana, na mnunuzi atakikagua tena kwa macho yake. Kuna pia deni lisilohitaji sera mpya yoyote. Muuzaji wa nje hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye vifaa anavyonunua, kisha anastahili kurudishiwa kwa kuwa mauzo yake ya nje hayatozwi. Marejesho hayo hukaa miezi mingi, na kwa wengine miaka, huku yeye akilipa riba benki kwa pesa ambazo tayari ni zake.