Barua Baina ya Cairo na New York

Ndugu zetu wa mwambao wanaosafiri kwenda Misri huwa na njia yao moja iliyozoeleka. Huenda Al-Azhar, waliko vijana wetu wanafunzi. Huzuru msikiti wa Sayyidna Hussein. Huingia Khan al-Khalili kununua manukato na mitandio. Na siku ya mwisho hupelekwa kuyatazama mapiramidi. Wachache mno hufika uwanja wa Ataba kwa ajili ya posta. Nasi twawanasihi wafike. Jengo la posta kuu ya Cairo lipo pale, kubwa na la kizamani, na ndani yake mna makumbusho ya posta yenye stempu, mifuko, mizani na sare za matarishi wa zama zilizopita. Zogo la wachuuzi wa Ataba huishia mlangoni, na ukishaingia ndani wasikia nyayo zako mwenyewe.

Misri ilitangulia nchi nyingi katika jambo hili. Khedive Ismail aliinunua posta iliyokuwa mikononi mwa Wataliani na kuifanya ya serikali mwaka 1865. Stempu za kwanza zikatolewa mwaka 1866. Na Umoja wa Posta wa Dunia ulipoasisiwa mwaka 1874, Misri ilikuwa miongoni mwa waasisi. Basi ilipofika mwaka 1912, binti wa Cairo aliyetaka kumwandikia mtu aliyeko Marekani hakuwa na haja ya kumtafuta msafiri wa kumkabidhi barua yake. Alibandika stempu, akaiamini serikali. Treni iliichukua hadi Iskandaria, meli ikaivusha bahari ya Kati hadi Ulaya, na meli nyingine ikaivusha Atlantiki. Majuma kadhaa kwenda, majuma kadhaa kurudi.

Binti huyo tuliyemfuata Ataba jina lake ni May Ziadeh.

Alizaliwa Nazareti, Palestina, mwaka 1886, akasomeshwa Lebanon, kisha akahamia Cairo pamoja na wazazi wake. Baba yake alikuwa mwenye gazeti lililoitwa Al-Mahrusa, na huko ndiko binti alikojizoeza kalamu. Walikuwa Wakristo, lakini lugha yao ilikuwa Kiarabu, na husimuliwa kwamba mwanachuoni Ahmad Lutfi al-Sayyid alimshauri aisome Qur'ani ili Kiarabu chake kipate ufasaha, naye akaisoma. Mashairi yake ya mwanzo, yaliyotoka mwaka 1911, aliyaandika kwa Kifaransa na kwa jina la kubuni. Baada ya hapo akaigeukia lugha ya mama, na hakuiacha.

Mwaka 1912 kilitoka New York kitabu cha Kiarabu chenye kisa cha mapenzi kiitwacho Al-Ajniha al-Mutakassira, yaani Mabawa Yaliyovunjika. Mwandishi wake, Kahlil Gibran, alikuwa kijana wa miaka 29, mzaliwa wa Bsharri katika milima ya Lebanon, aliyepelekwa Boston na mama yake mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka 12. Kisa chenyewe ni cha binti anayeozwa kwa mtu asiyemtaka, kisha akawa anakutana kwa siri na yule ampendaye. May alikisoma, akamwandikia mwandishi.

Na alimwandikia nini? Hapa ndipo tulipompenda. Hakumwandikia sifa tupu kama waandikavyo wasomaji waliolewa na kitabu. Alimsifu kwa uhodari wa lugha, kisha akampinga katika suala la ndoa. Aliona kwamba mke akishafungwa na kifungo cha ndoa, hata kama kifungo hicho kinamwumiza, hana ruhusa ya kukutana faraghani na mwanamume mwingine, ijapokuwa makutano hayo ni safi. Mwanamke wa miaka 26, ambaye hajaolewa, anamwambia mtunzi mashuhuri kwamba amekosea katika jambo la heshima ya nyumba! Gibran akajibu. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa barua zilizodumu karibu miaka 20, baina ya watu wawili ambao hawakupata kuonana hata mara moja.

Mwaka uliofuata, 1913, palifanyika hafla katika Chuo Kikuu cha Misri ya kumtukuza mshairi Khalil Mutran. Gibran aliombwa hotuba, akaituma kwa posta. Na aliyesimama kuisoma mbele ya wakubwa wa Cairo alikuwa May. Zama hizo sauti ya mwanamke haikuzoeleka katika majlisi kama ile. Maneno ya mtu aliye New York yakatoka kinywani mwa binti aliye Cairo, naye alipomaliza akaongeza yake mwenyewe. Baada ya hapo ndipo alipofungua barza yake ya kila Jumanne nyumbani kwa wazazi wake. Humo waliingia Lutfi al-Sayyid, Taha Hussein, al-Aqqad, Mutran na wengineo, wakijadiliana mbele ya baba na mama mwenye nyumba, wakihudumiwa vinywaji na kushindana kwa ufasaha. Wengi wao walimpenda May, na baadhi walimwandikia. Yeye moyo wake ulikuwa kwenye meli.

Hapa yafaa tutoke kidogo njiani, kwa faida ya mabinti wetu. Miongoni mwa waliosifiwa na May ni Mwislamu wa Cairo, Malak Hifni Nasif, aliyejulikana kwa jina la Bahithat al-Badiya, naye alizaliwa mwaka ule ule wa 1886. Bi Malak alikuwa mwalimu. Aliolewa, akachukuliwa Fayyum, na huko ndiko alikotambua kwamba mumewe alikuwa na mke mwingine ambaye hakuambiwa habari zake. Hakukaa akilia. Aliandika makala juu ya ndoa, malezi na elimu ya wanawake, na mwaka 1911 akapeleka madai 10 mbele ya mkutano mkuu wa Wamisri, na miongoni mwa madai hayo ni kwamba wanawake waruhusiwe kuhudhuria misikitini na wasomeshwe dini na elimu nyinginezo. Alifariki mwaka 1918 katika maradhi ya homa kuu yaliyoenea duniani. May aliandika kitabu kizima juu yake, kikatoka mwaka 1920. Mkristo alimhifadhia Mwislamu jina lake lisipotee. Nasi huliona jambo hilo kuwa kubwa kuliko barua zote za mapenzi.

Turudi kwenye posta. Vita vya mwaka 1914 viliikata njia. Nyambizi zilikuwa baharini, na Lebanon yenyewe ikaingia katika njaa kuu iliyoua watu chungu nzima katika milima ile ile alikozaliwa Gibran. Yeye huko New York alikuwa katibu wa kamati ya kuwachangia wenye njaa. Barua baina yao zilinyamaza, zikaanza tena mwaka 1919, na ziliporudi zilikuwa zimebadilika. Wale wawili walioanza kwa adabu ya mwandishi na msomaji sasa wanaulizana habari za afya, za usingizi, za mvua. Gibran alikuwa mchoraji pia, na humtumia vijichoro na kadi za picha. Hugombana kwa nukta na koma; mmoja hununa, barua hukawia, mwingine huomba radhi bila kujua alilolikosa. Kila mwenye mchumba aliyesafiri kwenda Bara Arabu au Ulaya aijua hali hiyo, ila yeye leo hungoja saa moja na hukasirika, na wao walingoja miezi.

Tarehe 15 Januari 1924 May aliandika barua ambayo hatimaye alisema ndani yake lililokuwa moyoni. Alikiri kwamba anampenda, na kwamba ayaogopa mapenzi. Akasema kwamba lau Gibran angekuwapo mbele yake asingethubutu kuyatamka maneno yale. Karatasi ndiyo iliyompa ujasiri. Twaijua barua hiyo kwa kuwa imesalia, na kila aisomaye huona mkono wa mwanamke mwenye staha aliyefika ukingoni mwa staha yake.

Desturi ya mwambao wetu yatambua kinachofuata baada ya neno kama hilo. Hufuata barua nyingine, isiyoandikwa na kijana wala kusomwa na binti: barua ya posa. Huandikwa na wazee kwa wazee, kwa khati nzuri na maneno ya unyenyekevu. Huingia mlango wa mbele mchana kweupe, wala haifichwi chini ya mto. Na jibu lake huwa ni ndiyo au siyo. Barua za vijana, hata ziwe tamu vipi, hungoja hiyo moja izithibitishe. Desturi za Wakristo wa Lebanon hazikuwa mbali sana na hizo. Baba yake May alikuwa hai, mlango wake wajulikana, gazeti lake lina anwani. Posa haikuja. Gibran alijibu kwa maneno mazuri kabisa, maneno ya roho na nuru na mwali wa buluu, na hakupanda meli.

Tusimhukumu kwa pupa. Alikuwa mgonjwa, na alikuwa mtu aliyezikwa katika kazi. Lakini lazima tuseme na la pili: katika miaka hiyo hiyo alikuwa akimwandikia kwa Kiingereza mwalimu mmoja wa Kimarekani, Mary Haskell, aliyemsaidia kwa fedha na ambaye alikwisha kumposa mwaka 1910 bila ndoa kufungwa. Moyo wake ulikuwa na masanduku mawili ya posta. Mwaka 1925, May alipokata nywele zake fupi kama ilivyokuwa desturi mpya, Gibran alimwandikia kwa masikitiko juu ya nywele hizo asizopata kuziona. Kwa masikio yetu, hilo ni neno la mchumba; lakini mchumba asiyekuja hana haki ya nywele za mtu.

Chumba chake cha New York, alichokiita kwa Kiarabu jina lenye maana ya hekalu la mtawa, kilikuwa nambari 51 ya West Tenth Street, katika jengo la wachoraji. Msafiri asijisumbue kulitafuta, kwani lilibomolewa katika miaka ya 1950. Gibran alifariki katika jiji hilo tarehe 10 Aprili 1931, na mwaka huo huo mwili wake ukarejeshwa Lebanon kuzikwa Bsharri.

Bsharri tulifika kwa njia ya Tripoli. Gari huiacha bahari nyuma, hupanda na kuzunguka mpaka masikio huziba, na kwetu sisi tuliozaliwa usawa wa maji, mita 1,500 ni safari ya kuelekea mawinguni. Mji umekaa ukingoni mwa bonde la Qadisha, nyumba zake zina mapaa ya vigae vyekundu, mashamba ya tufaha yameshuka kwa ngazi, na juu yake kuna mierezi ya kale ambayo wenyeji huiita Mierezi ya Mola. Kaburi lake limo katika nyumba ya zamani ya watawa iliyochongwa ubavuni mwa jabali, ambayo sasa ni makumbusho. Michoro yake imetundikwa chumba kwa chumba. Chini kabisa, pamoja na kaburi, wameweka vitu vilivyoletwa kutoka chumba kile cha New York: kitanda chembamba, kiti, meza. Tulisimama kwa muda mbele ya ile meza. Ni ndogo kuliko tulivyoidhania.

May yeye hakuzikwa huko. Katika miaka michache aliondokewa na baba yake, na Gibran, na mama yake. Naye hakuwa na ndugu aliye hai. Huzuni ikamlemea. Mwaka 1936 jamaa zake walimchukua kutoka Cairo hadi Lebanon, na huko akafungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Beirut, akazuiliwa hata kutumia mali yake mwenyewe. Mwanamke ambaye wakubwa wa Misri walimiminika kila Jumanne kumsikiliza, sasa kila alilolisema lilihesabiwa kuwa dalili ya wazimu. Waliomwokoa ni waandishi wenziwe na magazeti. Miongoni mwao Ameen Rihani, aliyemtetea na kumkaribisha kijijini kwake. Mnamo Machi 1938 alipanda jukwaani katika Chuo Kikuu cha Kimarekani cha Beirut, akatoa hotuba juu ya risala ya mwandishi kwa ulimwengu wa Kiarabu, mbele ya ukumbi uliojaa watu waliokuja kuona kama kweli ana akili timamu. Alizungumza mpaka mwisho bila kutetereka. Kizuizi juu ya mali yake kikaondolewa, akarudi Cairo, na huko akafariki mwezi Oktoba 1941.

Barua za Gibran kwa May zilikusanywa na kuchapishwa kitabu mwaka 1979, na zapatikana katika maduka ya vitabu ya Cairo hadi leo; kijana wetu wa Al-Azhar alitununulia nakala. Za May kwa Gibran zilizosalia na kujulikana ni chache. Kwa hiyo sehemu kubwa twasoma majibu pasi na maswali: mwanamume aomba radhi, nasi hatujui alilaumiwa kwa lipi, mwanamume acheka, na mzaha wenyewe haumo. Tulizisomeana kwa sauti jioni mbili mfululizo katika nyumba tuliyofikia, na kila barua ilipokwisha, mabinti waliokuwa pamoja nasi waliuliza jambo moja, yeye May alisema nini?